Mvua Haikunyesha, Maji Yametoka Wapi?



Msimu wa vuli uliopita alikuja ofisini mzee mmoja, mwanachama wetu wa tangu zamani, akakaa kwenye benchi na gunia lake la karafuu akaliweka mlangoni. Karafuu zile zilikuwa zimerudishwa kituoni kwa sababu hazikukauka sawasawa, na mzee alikuwa haamini. Alizianika siku nne kwa jua zuri, na usiku wa mwisho akaziacha juu ya majamvi uwanjani, kwa kuwa mbingu ilikuwa safi, nyota zimejaa, na hapakuwa na wingu hata la ukubwa wa kiganja. Alfajiri alizikusanya akazitia guniani, akaja zake mjini. Akaniambia, "Bwana Katibu, mwanangu, mvua haikunyesha. Haya maji yametoka wapi?"

Nilimjibu kwamba ni umande, naye akatikisa kichwa. Kusema kweli hata mimi sikuridhika na jibu langu, kwani kuutaja umande kwa jina si kueleza umetoka wapi, wala kwa nini uje usiku wa nyota na usije usiku wa mawingu. Basi nikarudi kwenye vitabu vyangu vya skuli, na vingine nilivyoazima kwa marafiki, na haya ndiyo niliyoyakuta. Nitayaeleza kwa mifano ya shamba, maana hewa inayosemwa vitabuni ndiyo hii hii iliyo juu ya viwanja vyetu vya kuanikia.

Jambo la kwanza huwashangaza wengi. Jua halipashi hewa moto moja kwa moja, ila kidogo. Nuru yake hupita hewani kama inavyopita kwenye kioo cha dirisha. Tukiigawa nuru yote inayoifikia dunia mafungu 100, mafungu 30 hivi hurudishwa angani na mawingu, hewa, mchanga na barafu. Mafungu 23 hivi hunyakuliwa na hewa yenyewe pamoja na mawingu na vumbi. Na yaliyobaki, karibu nusu, huishia ardhini na baharini. Ardhi ndiyo inayopata moto kwanza, kisha hewa hupashwa na ardhi kutoka chini, kama chungu kinavyopashwa na moto ulio chini yake.

Ndiyo maana joto kali halipatikani saa sita, jua likiwa utosini, bali saa nane au saa tisa. Saa sita ardhi hupokea joto jingi kuliko linaloitoka, na ziada hiyo huendelea kujikusanya hata baada ya adhuhuri, mfano wa mtungi unaotiwa maji juu huku unavuja chini: maji hupanda maadamu yanayoingia yanazidi yanayotoka. Yakilingana, hapo ndipo joto limefika kilele chake, kisha hushuka taratibu usiku kucha mpaka karibu na kuchomoza kwa jua.

Hapa inatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu yote huyaita joto. Kuna ukali wa joto, ule unaosomwa kwenye kipimajoto kwa digirii, ambao waandishi wa siku hizi wameupa jina la halijoto. Na kuna wingi wa joto, yaani kiasi gani cha joto kimo ndani ya kitu. Cheche ya mkaa ina ukali mkubwa kuliko maji ya birika, lakini ikikurukia mkononi utashtuka kidogo tu ukaendelea na kazi yako. Birika likikumwagikia, utapelekwa hospitali. Huko juu kabisa, kilomita 300 kutoka ardhini, halijoto ya hewa inaweza kupita digirii 1,000, na juu ya hayo hewa hiyo haiwezi kumuunguza mtu, kwani chembe zake ni chache mno na joto lote lililomo halifiki popote. Nimeyataja hayo kwa ajabu yake tu. Sisi shughuli yetu iko huku chini.

Sasa tuje kwenye jamvi. Karafuu mbichi ikikauka hubaki karibu thuluthi moja ya uzito wake, kwa hivyo kilo 100 za karafuu mbichi zina kiasi cha kilo 65 za maji ya kufukuzwa. Na maji hayaondoki bure. Kuigeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto ambalo lingetosha kuzifikisha kwenye mchemko kilo nane za maji ya mtungini. Fanya hesabu: kuzikausha kilo 100 za karafuu ni sawasawa na kuyafikisha kwenye mchemko maji ya kilo 500 na zaidi, na kazi yote hiyo huifanya jua bila ya kutudai hata ukuni mmoja. Aliyewahi kukausha karafuu zake kwa moto katika siku za mvua zisizokwisha anajua kuni zinavyokwenda, na macho yanavyotoka machozi.

Joto hilo halipotei. Limeingia ndani ya mvuke likajificha, huwezi kulisoma kwa kipimajoto, na siku mvuke utakapogeuka kuwa maji tena, joto lote litatoka vile vile lilivyoingia. Neno hili tulishike, tutalihitaji tukifika kwenye mawingu.

Lakini jua peke yake halitoshi. Hewa nayo lazima iwe na nafasi ya kuupokea mvuke. Hewa ya joto huchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na tofauti si ndogo: kila joto likizidi digirii 10, kiasi hicho huwa takriban mara mbili. Chukua chumba cha mita tatu kwa mita tatu, na kwenda juu mita tatu. Hewa ya chumba hicho ikiwa na digirii 30 inaweza kuchukua mvuke wa gramu 800 hivi. Ikiwa na digirii 23 haichukui zaidi ya gramu 550. Tofauti yake ni gilasi nzima ya maji.

Sasa tazama hali yetu. Hewa ya kisiwani, iliyozungukwa na bahari pande zote, hata mchana wa jua kali aghlabu huwa imekwisha kuchukua thuluthi mbili na zaidi ya kile inachoweza kukichukua. Ndiyo hilo fukuto tunalolijua, jasho linatoka wala halikauki. Hewa ya namna hii ikipoa digirii sita au saba tu, imejaa. Ikizidi kupoa baada ya hapo, kila kilichozidi hakina budi kugeuka maji.

Na inapoa vipi? Kila kitu chenye joto, hata kama hakiwaki, hutoa miale isiyoonekana kwa jicho. Ardhi hutoa, bati hutoa, jani la mkarafuu hutoa, na karafuu iliyo juu ya jamvi hutoa. Mchana pia vitu hivyo hutoa, ila wakati huo hupokea zaidi. Jua likishatua mapokezi yamekatika na matoleo yanaendelea. Kukiwa na mawingu, mawingu huinyakua miale hiyo na kuirudisha sehemu yake chini, na ardhi hukaa kama mtu aliyejifunika shuka. Mbingu ikiwa wazi, joto jingi zaidi hukimbilia angani lisirudi. Kwa hivyo usiku wa nyota ndio usiku wa baridi, na kitu kilicholala wazi chini ya mbingu hupoa hata kuliko hewa inayokigusa. Asiyesadiki na atoke saa kumi za usiku akaguse kiti cha baiskeli kilicho uani, kisha aguse kilicho chini ya kibaraza.

Hewa iliyojaa mvuke ikikigusa kitu kilichopoa namna hiyo, nayo hupoa, na mvuke uliozidi hugeuka maji papo hapo. Basi umande hauanguki kutoka juu kama mvua, ijapokuwa sote husema umeanguka. Hujifanya pale pale, juu ya bati, juu ya majani, juu ya karafuu. Upepo ukivuma usiku huichanganya hewa, na umande huwa mchache. Usiku ukiwa umetulia, nyota zinameta, hapo ndipo umande mwingi. Na hata pasipo na umande wa kuonekana, karafuu iliyokauka huvuta mvuke wa usiku na kuumeza, kama chumvi inavyotota ndani ya kopo lisilo na kifuniko.

Hapo ndipo alipokosea mzee wetu, na makosa yake ni ya mtu mwenye akili. Aliitazama mbingu kwa kuogopa mvua, akaiona safi, akatumaini. Ule usafi wa mbingu ndio uliomletea maji.

Mtu atauliza, ikiwa hewa hupashwa moto na ardhi na hewa ya moto hupanda juu, mbona huko juu ni baridi? Jibu liko kwenye pampu ya baiskeli. Ukijaza upepo gurudumu kwa haraka, mdomo wa pampu hupata moto, kwani hewa ikibanwa hupata joto. Na ukiifungulia valvu, hewa inayotoka ni baridi, kwani hewa ikitanuka hupoa. Hewa inayopanda kutoka uwanjani kwako hukuta huko juu hakuna uzito mkubwa wa kuibana, basi hutanuka, na ikitanuka hupoa, kiasi cha digirii 10 kwa kila kilomita maadamu haijafanya wingu. Ukichukua hewa yote kwa wastani, joto hupungua digirii 6 na nusu kwa kila kilomita ya kupanda. Ndiyo maana mtu akivuka kwenda Tanga atatokwa na jasho kama hapa, na akipanda Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, atatafuta koti. Na Kilimanjaro, mita 5,895, ina barafu kileleni ingawa haiko mbali na mstari wa Ikweta. Kupungua huko kunaendelea mpaka kilomita 16 au 17, ambako baridi hufika digirii 75 chini ya sifuri na zaidi. Juu ya hapo mambo hugeuka, joto likaanza kupanda tena, kwa kuwa huko iko hewa ya ozoni ambayo huinyakua miale mikali ya jua kabla haijatufikia sisi.

Hewa inayopanda ikipoa hujaa mvuke, na mvuke hugeuka matone madogo madogo: hilo ndilo wingu. Na sasa lile joto lililojificha hutoka. Maji yaliyofukuzwa kwenye karafuu zetu, na yale mengi zaidi yaliyoinuka kutoka baharini, hulirudisha joto lao ndani ya wingu, na hewa ya wingu ikawa na joto kuliko hewa ya pembeni mwake, ikazidi kupanda. Wingu hujilisha lenyewe. Katika nchi zetu za joto wingu la radi linaweza kufika kilomita 15 kwenda juu. Mwenye karafuu uwanjani na aitazame sura ya mawingu saa nne na saa tano asubuhi. Yakiwa bapa na yametawanyika, hayana neno. Yakianza kusimama kama minara, na vichwa vyao vinazidi kuvimba kila ukiyatazama, asingoje kusikia radi.

Bahari nayo ina tabia yake. Maji hupata moto polepole na hupoa polepole, kwa kuwa kulipasha moto fungu la maji kunataka joto mara nne au tano kuliko fungu la mchanga mkavu la uzito ule ule, na tena mawimbi huyachanganya, joto likazama chini. Mchana nchi kavu hupata moto upesi, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza mahali pake. Usiku huwa kinyume, upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini, nao wavuvi wetu huutumia kutokea alfajiri bila ya kujali vitabu vimesema nini. Mambo hayo hayo yakikuzwa mpaka yakawa ya bara zima na miezi sita, ndiyo pepo zetu za kusi na kaskazi. Bara la Asia likipata moto katika miezi ya katikati ya mwaka hewa huvutwa kwenda huko, na likipoa mnamo Desemba hewa hurudi kwetu. Majahazi yaliyowaleta wageni wa Arabuni na Bara Hindi katika visiwa hivi yalisafiri kwa tofauti ya joto baina ya nchi kavu na bahari, wala hapakuwa na siri nyingine.

Joto la bahari lina upande wake wa khatari. Tufani hupata nguvu kutokana na mvuke wa bahari yenye joto la digirii 26 au 27 na kuendelea. Visiwa vyetu vimehifadhika kwa kuwa karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuizungusha hewa mpaka ikawa tufani. Lakini kuhifadhika si kusalimika daima. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Na Mei 2024 tufani iliyopewa jina la Hidaya ilifika mpaka Mafia.

Tena vuli zenyewe hutegemea joto la bahari. Mwaka 2019 bahari ya upande wetu wa Afrika ilikuwa na joto kuliko desturi, na ile ya upande wa Indonesia ina baridi kuliko desturi, basi mvua za vuli Afrika ya Mashariki zikawa kubwa kupita kiasi. Mwenye karafuu majamvini akiona mvua tu, kumbe asili yake iko baharini, maelfu ya maili.

Wazee wetu husema usiku wa kipupwe siku hizi hauna baridi kama ya zamani. Duniani kwa jumla hivyo ndivyo ilivyo: tangu katikati ya karne ya 20 usiku umeongezeka joto upesi kuliko mchana. Sababu ni ile ile shuka niliyoitaja. Si mawingu peke yake yanayonyakua miale ya ardhi, mvuke hufanya hivyo, na hewa ya ukaa pia. Pasingekuwa na hewa za namna hii wastani wa joto la dunia ungekuwa digirii 18 chini ya sifuri, nao ni digirii 15 juu ya sifuri, kwa hivyo shuka hii ni neema. Shida ni kwamba tunaizidisha unene. Bibi mmoja wa Marekani, Eunice Foote, aliijaribu hewa ya ukaa juani ndani ya chombo cha kioo mwaka 1856, akaona imepata joto kuliko hewa ya kawaida. Na mwaka 1859 John Tyndall wa London akaanza kuzipima hewa hizi kwa vyombo. Kabla ya viwanda, katika kila mafungu milioni moja ya hewa, mafungu 280 yalikuwa hewa ya ukaa. Walipoanza kuipima kila siku katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, yalikuwa 315 hivi. Sasa yamepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, kiasi cha digirii moja na nusu kuliko mwisho wa karne ya 19. Kwa mkulima, digirii moja si jambo dogo, kwani kila digirii moja huiongezea hewa mvuke wa asilimia 7, na mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo.

Nirudi uwanjani, kwani najua wengine wamekwisha kupiga miayo. Karafuu zilizochumwa zisilale guniani wala chunguni mwa lundo, hata usiku mmoja. Lundo bichi hujitengenezea joto lake lenyewe, joto lisilo na pa kutokea, na karafuu huvunda ikawa nyeupe na imekunjamana. Zichambuliwe zitoke makonyo siku ile ile, zianikwe kwa utandu mwembamba, zigeuzwe mara kwa mara ili kila moja ikutane na hewa. Na barabara ya lami iachwe kwa magari. Najua watu huipenda kwa kuwa karafuu hukauka upesi, na ni kweli, kitu cheusi hunyakua nuru karibu yote, lami ya saa nane ikafika digirii 60. Joto hilo linafukuza maji na mafuta pamoja, na mafuta ndiyo karafuu. Aliyekausha barabarani ameuza maganda, tena yananuka lami.

Jioni karafuu zianuliwe kabla umande haujaanza, kati ya alasiri na magharibi, ziingizwe ndani. Wanaofunika kwa turubali na kuziacha uwanjani wamejisaidia nusu tu: turubali hupoa kama bati, na mvuke wa ardhi na wa karafuu zenyewe hujishika upande wa ndani ukadondoka. Asubuhi tusikimbilie kuanika jua linapochomoza, hewa bado imejaa. Saa mbili na nusu au saa tatu, uwanja ukishakauka, ndio wakati.

Ama gunia la yule mzee, tulilipima mizani ya ofisini siku ile ile, kilo 50 barabara. Nilimshauri azianike tena siku mbili, aziingize ndani usiku, alirudishe. Alirudi siku ya tatu na karafuu zake nyekundu za kupendeza, kituoni zikapokelewa bila ya neno. Kabla ya kwenda huko alipita ofisini, tukalipandisha gunia kwenye mizani, likawa kilo 46 na robo tatu. Mzee akaitazama mizani, akahesabu kwa vidole. "Kumbe nilibeba kilo tatu na robo za umande kutoka shamba mpaka mjini," akasema, "na baiskeli yenyewe haina breki."